Maua Yaliyoegemea

Zamani nyumba yetu iliamshwa na cherehani ya mama. Nikisikia inakimbia, nilijua chai iko mezani. Mama alipofariki, cherehani ilinyamaza. Aliacha pia vipande viwili vya kile kitambaa cha pamba alichojishonea gauni, chenye maua mekundu. Dukani hakipatikani tena.

Dada yangu mdogo akaamua kujifunza kushona. Alikata kipande cha kwanza, akajishonea gauni. Lilipofuliwa tu, likajipinda. Mshono wa ubavuni ulihamia tumboni, na kwapani ukafumuka.

"Wewe unakwenda sokoni, gauni linarudi nyumbani," nikamwambia.

"Kaka, acha masihara. Kimebaki kipande kimoja cha mama. Nikikiharibu, ndiyo basi."

Machozi yalikuwa karibu. Nikaenda kumwita jirani yetu, fundi aliyeshona na mama miaka mingi. Tunamwita Bi Pini, maana huzungumza na pini mdomoni.

Bi Pini akaligeuza gauni. "Mwanangu, mbona ulikata mshazari?"

"Maua yamechapwa yakiegemea, mama mdogo. Nilitaka yasimame."

"Umefuata maua. Fuata nyuzi. Shika kipande kilichobaki hapa ukingoni, huku kusikochambuka. Vuta kwa urefu."

Dada akavuta. Kitambaa kikakataa.

"Sasa vuta kutoka pembe hadi pembe."

Kikavutika kama mpira.

"Umeona? Urefu wa gauni uende sambamba na ukingo. Na kifue kitambaa kwanza. Kama ni kunywea, kinywee kabla hujakata."

"Na maua?"

"Yaache yaegemee. Gauni la mama yenu lilikuwaje?"

Hapo nikakumbuka. Nikiwa mtoto nililala mapajani pake, nikipinda shingo niyaone maua ya gauni lake yamesimama. Hayakusimama hata siku moja.

"Na huku kwapani?" nikauliza.

"Mshono uko ukingoni mno. Acha upana wa kidole nje ya mshono. Panga vipande nje kwa nje, upande wa maua ndani, bana pini, shona. Mwanzo na mwisho rudi nyuma kidogo, uzi ushike. Zungushia uzi kingo zisichambuke. Kisha laza kingo za mshono huku na huku, piga pasi. Jizoeze kwanza kwa hili gauni bovu, tayari limeshakata tamaa."

Dada alishona na kufumua hadi lile gauni likabaki matambara. Ndipo akagusa kipande cha mwisho. Gauni jipya lilifuliwa, likaanikwa uani. Tulisimama kulitazama kama watu wanaongoja daktari. Likakauka limenyooka, mishono ubavuni, mahali pake.

Juzi asubuhi niliamshwa na cherehani. Nikatoka na usingizi machoni. Nikaona mgongo ulioinama, na maua mekundu yaliyoegemea.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Dada hakugeuka. "Marahaba, mwanangu. Chai iko mezani."