Mama Mayai na Rejeta Iliyovuja

Kila asubuhi Mama Mayai alipanga trei za mayai nyuma ya pikapu yake. Pikapu ilikuwa ya buluu, lakini jua lilikuwa limeipausha. Mlango wa abiria ulifunguka kwa nje tu. Hata hivyo, hakuna aliyethubutu kuicheka mbele yake. Aliinunua mwenyewe, kwa biashara ya kuku aliyoianza na banda moja la mabati.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Hakujua kuendesha gari, na hilo halikumsumbua.

"Mimi naendesha cherehani," aliwaambia wateja wake. "Barabara nimemwachia mke wangu. Muulizeni kama kuna kona inayomtisha!"

Nyumbani waliishi pia na baba mzazi wa mume. Zamani mzee huyo alikuwa mwashi. Alivaa koti zito la sufu, mvua inyeshe au jua liwake. Mtaa mzima ulimwita Mzee Koti. Kila safari alikaa kiti cha mbele.

"Nalinda mzigo," alisema.

Kusema kweli, alipenda kupunga mkono dirishani na kusalimia watu.

Siku moja Mama Mayai aliona maji chini ya pikapu. Yalikuwa matone machache tu. Aliongeza maji kwenye rejeta, akaondoka. Kesho yake aliyaona tena, akaongeza tena.

"Gari ni zee," alisema Mzee Koti. "Mimi mwenyewe macho yananitoka machozi. Liache."

Wakaliacha. Kuongeza maji kukawa mazoea.

Kisha ikaja siku ya joto kali. Pikapu ilikuwa inapanda mlima, imejaa mayai. Ghafla mvuke mweupe ukatoka mbele. Mama Mayai akatazama mshale wa joto. Ulikuwa umelala kwenye alama nyekundu, na hakujua umefika huko tangu lini. Akasimamisha gari pembeni na kuzima injini.

Kabla hajamzungukia baba mkwe wake kumfungulia mlango, mzee alikuwa ameshatoa mkono dirishani, amejifungulia na kushuka. Akainua boneti. Akashika kifuniko cha rejeta.

"Baba, subiri kwan..."

Maji ya moto yakaruka juu kama chemchemi. Mzee Koti akapiga kelele na kurudi nyuma. Kiganja chake kilikuwa kimeungua. Mama Mayai akachukua maji yao ya kunywa, akammiminia mkononi taratibu, kwa muda mrefu, mpaka maumivu yakapungua.

Injini ilipopoa, mzee alipata wazo.

"Tupasue mayai mawili ndani ya rejeta," alisema. "Madereva wa zamani walifanya hivyo. Yai linaiva, linaziba tundu."

"Una hakika, Baba?"

"Mwanangu, mayai tunayo. Wateja wanatungoja. Tungoje nini tena?"

Mama Mayai alisita. Lakini hakuwa na njia nyingine. Akapasua mayai mawili, akajaza maji waliyoomba kwa wapita njia, akawasha gari. Kweli, matone yakakoma. Mzee Koti akainua kidevu.

"Umeona?"

Hawakufika mbali. Mshale ulipanda tena, safari hii haraka kuliko mwanzo. Injini ikagonga mara kadhaa, ikanyamaza. Walivutwa kwa kamba na lori mpaka nyumbani. Mayai yalikuwa yamekaa juani mchana kutwa. Wateja walikuwa wameshanunua kwingine.

Jirani yao mmoja alikuwa fundi wa rejeta. Watu walimwita Tone, kwa sababu aliweza kufuatilia tone moja la maji mpaka ajue limetoka wapi. Alifungua rejeta ya Mama Mayai, akachungulia, akaziba pua.

"Haya, nani kakaanga mayai humu?"

Mzee Koti akatazama dari kama mtu anayekagua kazi ya mwashi mwenzake.

"Ni sisi, fundi," alisema Mama Mayai. "Tulitaka kuziba tundu."

"Njooni mwone." Tone aliwaonyesha vijia vyembamba ndani ya rejeta. Vingi vilijaa uchafu wa rangi ya manjano. "Maji yanapita kwenye injini, yanabeba joto. Yanakuja hapa, yanapita kwenye vijia hivi. Upepo unayapoza, kisha yanarudi kwenye injini. Yai halichagui tundu. Limeziba na njia za maji. Joto likakosa pa kutokea."

"Lakini madereva wa zamani walifanya," alisema Mzee Koti.

"Walifanya, mzee, wala hujakosea kukumbuka. Ila baada ya yai waliosha rejeta nzima, au walinunua nyingine. Yai, unga wa manjano, sabuni ya unga, vyote ni hivyo hivyo."

Mama Mayai alikuna kichwa. "Sasa mtu akikwama porini, fundi hayupo, afanye nini? Akae alie?"

Tone akacheka. "Swali zuri hilo. Kuna kutengeneza, na kuna kujikokota mpaka kwa fundi. Ukiwa njiani unajikokota tu. Ukishafika, unatengeneza."

"Basi nifundishe kujikokota."

Tone akavuta kiti. "Kwanza, mshale wa joto utazame mara kwa mara. Ukipita katikati, simama. Usingoje ufike kwenye nyekundu. Pili, kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Mzee anajua kwa nini."

"Najua vizuri sana," alisema Mzee Koti, mkono wake ukiwa na bandeji.

"Shika mpira mkubwa wa juu, huu unaopeleka maji kwenye rejeta. Ukiwa mgumu na unachoma, bado. Ukiwa laini na vuguvugu, weka kitambaa kizito juu ya kifuniko, kizungushe polepole. Na usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto. Chuma kitapasuka kama glasi."

"Na tundu lenyewe?"

"Litafute lilipo. Mara nyingi si rejeta inayovuja, ni mpira wake. Mpira ukipasuka kidogo, ukaushe, kisha uufunge kwa tyubu kuukuu ya baiskeli. Vuta kwa nguvu, kila mzunguko ukanyage mwenzake. Malizia kwa waya."

Alimpa kipande cha tyubu na mpira mbovu wa rejeta. Mama Mayai akafunga. Tone akavuta, tyubu ikatoka. Akafunga tena, ikatoka. Mama Mayai akakunja mikono ya blauzi, akafunga mara nyingine. Tone akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Tyubu haikusogea.

"Mikono ya kukamata majogoo hii," alisema Tone.

Tone akasafisha rejeta, na injini ikatengenezwa. Tangu hapo, pikapu haikutoka bila dumu la maji safi, tyubu, waya, plaizi na kitambaa kizito.

Miezi ikapita. Kikundi cha akina mama wa kijiji cha mlimani kikaamua kufuga kuku. Walichanga, wakaagiza vifaranga mia mbili wa siku moja. Walimchagua Mama Mayai awapelekee. Vifaranga wa siku moja hawavumilii. Baridi inawaua, joto linawaua, na kiu pia.

Safari ilianza vizuri. Nyuma, chini ya turubai, vifaranga walilia "pii, pii" ndani ya maboksi yenye matundu. Mbele, Mzee Koti alisalimia kila mtu.

Walipofika nusu ya mlima, Mama Mayai alipunguza mwendo. Mshale ulikuwa umepita katikati.

"Tunasimama, Baba," alisema. Akaingiza gari kwenye kivuli cha mti na kuzima injini.

Mama Mayai akamfungulia mzee mlango. Mkono wa mzee ukaenda kwenye boneti. Halafu ukarudi wenyewe mfukoni.

"Tunangoja?" aliuliza.

"Tunangoja. Kwanza vifaranga."

Waliteremsha maboksi, wakayapanga kivulini penye hewa. Kisha Mama Mayai akainua boneti bila kugusa kifuniko. Maji yalikuwa yanachirizika kutoka kwenye mpira wa juu. Mzee Koti akaja na chombo cha kunyweshea vifaranga.

"Tuyakinge haya, yasipotee."

"Hapana, Baba! Maji ya rejeta yana dawa ya kupoza injini, aliyotia Tone. Ni sumu. Kifaranga akinywa kwenye chombo hicho atakufa. Hata mtoto."

Mzee akarudisha chombo upesi.

Lori likapunguza mwendo. Dereva akachungulia. "Tia sabuni ya unga, dada! Itaziba sasa hivi!"

Kabla Mama Mayai hajafungua kinywa, Mzee Koti alijibu: "Asante, baba, lakini hatufui nguo! Sisi tuna fundi wetu hapa hapa."

Mama Mayai akatabasamu. Injini ilipopoa, aliukausha mpira na kuona ufa mdogo. Akavuta tyubu, akazungusha, akavuta, akazungusha. Mzee alishika dumu. Walifunga waya, wakajaza maji, wakarudisha maboksi nyuma. Mwisho alirudisha kifuniko, lakini alikiachia hatua moja.

"Hukukaza?" aliuliza mzee.

"Nikikaza, mvuke utasukuma sana na kupasua kiraka. Tutakwenda polepole, na tutasimama kuongeza maji gari likipoa. Tena tutawasha hita, ituvutie joto la injini huku ndani."

"Huku ndani? Kwetu?"

"Kwetu, Baba. Vifaranga wako nyuma."

Hita ikawashwa. Madirisha yalikuwa wazi, lakini mle ndani mlikuwa jiko. Mzee Koti alivumilia kona ya kwanza. Kona ya pili akafungua kifungo. Ya tatu, akavua koti.

Walipofika kijijini, akina mama waliwakimbilia. Mwenyekiti wa kikundi alifunua boksi baada ya boksi. Wote walikuwa hai. Mmoja alikuwa amesinzia. Mama Mayai akachovya mdomo wa kifaranga huyo kwenye maji, naye akameza, akasimama, akaanza kumpigia kelele.

"Na huyu mzee uliyekuja naye ni nani?" aliuliza mwenyekiti. "Mzee Koti hakuja leo?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mzee akacheka kuliko wote.

Walishuka mlima vilevile, taratibu. Kesho yake asubuhi hawakupeleka mayai kwanza. Walikwenda moja kwa moja kwa Tone kununua mpira mpya. Madereva wengine walikuwepo karakanani. Tone aliinama kwenye injini, akajaribu kuvuta tyubu. Ilimshinda. Ilibidi aikate kwa kisu.

"Kazi ya nani hii?" aliuliza, ingawa alijua.

Mzee Koti akasogea mbele, akahakikisha kila mtu anasikia.

"Ya mkwe wangu," alisema. "Tumepanda mlima na vifaranga mia mbili, tumefika nao mia mbili. Mimi nilishika dumu."

Dereva mmoja wa teksi akaokota kile kipande cha tyubu, akakigeuza geuza.

"Mama, hebu nionyeshe. Unaanzia wapi?"

Mama Mayai akakunja mikono ya blauzi. "Sogea hapa karibu," alisema. "Kwanza niambie, injini yako imepoa?"