Kuonja Nako Ni Kula

Mwasiti alisali ameketi kwenye kiti. Magoti yake yalikuwa yamekataa kukunjwa tangu Ramadhani iliyopita. Mbele yake mumewe Karimu, fundi cherehani, alisujudu mpaka paji la uso likagusa mkeka. Yeye aliinamisha kichwa tu, na kiti kikalia chini yake. Kila mtu alimwambia dini inaruhusu. Alijua. Lakini alitaka kurudi mkekani, na kila sala ilimwacha na uchungu.

Baada ya sala hakutulia. Alipanga bidoni, yale madumu yake ya mafuta ya mawese, akazipangua, akazipanga tena.

Mwasiti, ambaye sokoni walimwita Mama Warda kwa jina la mwanawe, aliuza mawese katika soko la Rumonge, mji wa kando ya ziwa. Wateja walimfuata kutoka hata Minago, na sababu ilikuwa moja. Mawese huweza kutiwa maji, na mnunuzi huogopa. Basi mteja akifika, Mwasiti alichovya kipande cha muhogo wa kuchemsha katika bidoni, akala yeye kwanza. Kisha mteja naye akachovya. Mama yake aliuza hivyo, na bibi yake pia. Nani atabishana na muuzaji anayekula mali yake?

Magoti yalipozidi kuuma, Karimu alimpeleka hospitali. Dokta Espoir alimpima urefu, uzito, kiuno, presha na damu.

"Mama, sukari yako imeanza kupanda," alisema. "Na magoti iko inabeba muzigo mukubwa. Usione haya. Huu ni ugonjwa, na iko na matibabu."

"Unipe dawa tu, dokta. Mie sijui kungoja."

"Dawa peke yake haitoshi. Utabadilisha chakula, utatembea kila siku, na utarudi hapa kila mwezi tukupime. Sasa niambie, unakula nini?"

"Mara mbili tu, asubuhi na mangaribi. Hata watoto wananipita."

Alisema hivyo kwa macho makavu, na aliamini kabisa.

Muuguzi Beatrisi, aliyekuwa pia jirani yake, alimkabidhi vidonge. "Hii komprime inazuia sehemu ya mafuta ya chakula isiingie mu mwili," alieleza. "Unameza moja na chakula chenye mafuta kidogo. Ukikula mafuta mingi, yenye imezuiwa itatoka kwa njia ya choo, na haitakuomba ruhusa. Usiku unameza hii ya vitamini. Na usigawie mutu. Zimeandikwa juu ya damu yako wewe."

Mwasiti alicheka, akafunga vidonge ndani ya kanga.

Nyumbani alijitahidi kweli. Ndagala, wale dagaa wa ziwani, hazikukaangwa tena, zikachomwa. Bugali ulipungua, mboga za lengalenga zikaongezeka. Alfajiri alitembea na Karimu kando ya ziwa, polepole, akihema. Lakini roho yake ilikuwa juu juu. Kila asubuhi alipanda kwenye mizani ya kupimia magunia ya unga sokoni, na vijana wa unga wakamtania kwamba bei yake haijapanda. Mizani haikusogea. Siku moja alichoka kungoja, akameza vidonge viwili vya kuzuia mafuta kwa pamoja. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia?

Siku hiyo wateja walikuwa wengi. Aliinama kumimina mafuta, akahisi unyevu. Pascasie, muuza nyanya wa meza ya pili, alimsogelea.

"Mama Warda, umeketi mu mawese?"

Mwasiti aligeuza kanga. Doa la rangi ya machungwa lilikuwa limeenea nyuma.

"Ndiyo," alisema upesi. "Bidoni inavuja."

Hakuna bidoni iliyovuja. Alikwenda nyumbani akiwa amejifunga kanga ya Pascasie, akalia kwa aibu na hasira. Alimwambia Karimu kwamba zile dawa ni sumu na hatazimeza tena.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwasiti alibahatika, yeye aliumbuliwa na mawese tu.

Jumamosi Beatrisi, aliyekwisha kusikia habari ya lile doa, alikuja sokoni kununua mafuta. Mwasiti, kwa mazoea, alichovya muhogo akala. Beatrisi hakuchovya wake.

"Mama Warda, leo umeonja na wateja wangapi?"

"Wengi. Ni siku ya soko."

"Na dokta ulimwambia?"

"Nimwambie nini? Kuonja si kula."

"Tumbo haijui ile tofauti. Unakula mara mbili nyumbani, na huku unakula tangu asubuhi. Dawa ilikuwa inakuambia ukweli."

 Mwasiti alimtazama mteja aliyengoja nyuma, kisha muhogo mkononi. "Nikiacha kuonja, wataniamini namna gani?" aliuliza kwa sauti ndogo. Pia alikiri vile vidonge viwili.

"Kumeza mbili haiongezi nguvu, inaongeza shida tu. Kesho kutwa turudi kwa dokta, umwambie yote. Na biashara, wewe ndiwe unaijua kuliko mimi."

Dokta hakumgombeza. Alipima tena, akamrudisha kwenye kidonge kimoja, akamwomba jambo moja: asimfiche kitu.

Mwasiti aliwaza njia nzima. Mafuta yenye maji hulia kwenye kikaango, hilo kila mpishi analijua. Kesho yake alipeleka sokoni jiko dogo la makaa na kikaango. Leonidasi, mnunuzi mkubwa wa Minago, alisimama na kukunja uso.

"Wewe hukuli? Mafuta iko na shida?"

"Chagua bidoni yenye unapenda. Sikiliza mwenyewe."

Kijiko kimoja kilimiminwa kwenye kikaango cha moto. Mafuta yalitulia kimya. Leonidasi akachovya muhogo wake peke yake, akanunua.

Miezi ilipita. Uzito ulishuka kidogo kidogo, mwezi mwingine ukagoma, ukashuka tena. Sukari ilirudi chini. Wapo walionong'ona kwamba anaugua. Aliwaambia, "Niko natibiwa, siugui," akaendelea kumimina.

Alfajiri moja Karimu alikuwa akisali mbele. Alisujudu, akangoja ule mlio wa kiti nyuma yake. Haukuja. Alipomaliza na kutoa salamu, aligeuka. Mwasiti alikuwa mkekani, uso umelowa machozi, na kwenye paji lake alama ya ukili wa mkeka.

"Umeinuka mwenyewe?" aliuliza.

"Mwenyewe."

Kiti kilipelekwa sokoni. Sasa Leonidasi hukikalia, akingoja kikaango kipate moto.