Madodoso Arobaini kwa Jina Langu

"Mwongo mkubwa! Umepika madodoso arobaini, tena bila haya!"

Hivyo ndivyo mkurugenzi alivyonipokea asubuhi, mbele ya ofisi nzima.



Kazi yangu ni kugonga milango. Shirika letu la utafiti, lisilo la faida, linauliza watu wanavyoishi: maji, vyoo, shule. Majibu ndiyo yanaamua mtaa upi uchimbiwe kisima.

Wakaguzi walikuwa wamepita nyumba kadhaa. Hakuna aliyehojiwa! Na madodoso yote yana jina langu.

Sikujaza hata moja.

Mwenye paswedi yangu alikuwa mmoja tu. Msimamizi wangu... mume wa dada yangu! Nilimpa mwenyewe siku tableti yake ya kujazia madodoso ilipogoma. Bwege mimi.

Naye kasimama pale, shati limepigwa pasi, anatikisa kichwa kama mfiwa.

"Shemeji, umeniaibisha. Nilikuamini."

Hee! Mtu huyu!

"Nisomeeni hata moja," nikasema.

Mkurugenzi akasoma. "Nyumba namba kumi na saba. Mama, miaka sitini na nane. Amehojiwa dakika hamsini. Maji anayo tele. Mchangamfu, anapenda kuongea."

Nikacheka. Kile kicheko cha kumcheka mjinga.

"Kumi na saba ni kwangu! Huyo ni mama yangu. Kiharusi kilimnyang'anya sauti mwaka juzi. Na bomba letu linatoa kutu tupu! Paswedi yangu anayo huyu shemeji peke yake!"



Mkurugenzi akamgeukia shemeji taratibu.

"Si wewe kila Jumamosi unaomba ruhusa ukamuuguze mama mkwe?"

Loo!!

"Amuuguze?" nikaropoka. "Tangu tuhamie pale hajakanyaga hata kizingiti! Nyumba yenyewe haijui!"

Shemeji akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. 

Saa sita haikufika, kafukuzwa.

Zile nyumba nilizirudia zote kwa miguu yangu. Thelathini na moja hazina maji kabisa. Yeye, kajikalia kivulini, kawaandikia "tele". Takataka!

Dada sikumficha. Alimngoja mlangoni, mikono kiunoni:

"Jumamosi ulikuwa unamuuguza nani?"

Mpaka leo anakohoa tu.

Wapendwa, paswedi usimpe mtu, awe shemeji, awe malaika. Na ukimsikia mtu anawasemea wanyonge kwa ufasaha, muulize kwanza: mlango wao aliugonga lini?