Uwanja wa Justa na Wageni wa Mkokoteni

Ndugu zangu wa kijiji chetu cha Mbingu na wa bonde zima, nyumba ya Justa mnaijua hata kama hamjawahi kuingia. Ipo kando ya barabara ya kwenda Mlimba, na miaka ile ya tisini lori likikatika springi, dereva na utingo wake walilala uwanjani pale. Mwenyewe alipenda watu. Nyumba ikiwa kimya alijiona kama mgonjwa.

Alasiri moja ya mwezi wa tatu wanawake walijaa barazani kwake, huyu anasukwa, yule anapepeta mchele, na Justa katikati anawagawia habari.

"Ng'ombe wa wale Wasukuma wamemaliza shamba zima la Rosa," alisema. "Na wenyewe wanacheka!"

"Uliwaona?" aliuliza jirani yake, Apolonia.

"Kwani mpaka nione? Mimi hao hawakanyagi uwanja wangu, sahauni."

Kwa kweli ng'ombe walikula kona moja tu ya mpunga, na mwenye ng'ombe alishakwenda kwa Rosa kuomba radhi. Lakini habari bila chumvi Justa alikuwa hajui kuipika.

Hapo hapo mkokoteni wa maksai wawili ukasimama barabarani. Ulikuwa umezungushiwa turubai kama kibanda. Ndani magodoro, masufuria, kuku na bibi kizee amelala. Ilikuwa familia ya Kisukuma inayohamia Mngeta, na kila siku jua likielekea kuzama walitafuta mahali pa kuuegesha, wakalala humo humo. Kijana mmoja akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naitwa Kija. Huyu mke wangu Yunis, na yule mama yangu, miguu haimbebi tena. Tunaomba kuegesha hapa mpaka asubuhi. Nyumba tatu zimetukatalia."

Justa akautazama uwanja. Malori mawili yangeenea. Kisha akamtazama Apolonia, aliyejiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Haya, shoga, wageni wako hao!"

Kuchekwa ndiko kulikomshinda. "Hapa kuna mgonjwa," Justa alidanganya. "Teremkeni pale kijitoni. Kuna mchanga mkavu, tambarare, na majani ya maksai tele."

"Maji hayawezi kutufuata, mama?" Yunis aliuliza.

"Maji gani, na jua lote hili?"

Wenyeji, hapo mmeshanielewa. Kijito chetu hakingoji mvua ya hapa. Mvua ikinyesha juu milimani, huku chini jua linawaka, na maji hushuka ghafla. Ndiyo maana masika watoto wetu tunawakataza kucheza pale. Mtu wa Usukuma angejuaje? Justa alijua. Alijiambia kwamba leo milimani hakuna wingu, na hakugeuza hata shingo kuhakikisha.

"Justa, kule?" Apolonia alinong'ona. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Kwani wanakaa mwaka? Asubuhi wanaondoka."

Kabla jua halijazama wakasikia mngurumo, na haukutoka angani. Ulikuwa wa mawe yanayobingirishwa na maji. Justa alikimbia kanga ikimdondoka. Alimkuta Yunis ameng'ang'ania mti, Kija amemshika maksai mmoja pembe, analia. Mkokoteni haukuwepo, na mama yake Kija alikuwa ndani yake.

Asubuhi Gosbert, balozi wetu wa nyumba kumi, na wanaume wengine walimkuta bibi kwenye matete. Msiba ukawekwa kwa Justa, maana uwanja mkubwa ni wake. Watu wakajaa.

Yunis akamshika Justa mikono. "Mama, asante. Kijiji kizima ni wewe peke yako uliyetuonyesha pa kulala. Maji ni mipango ya Mungu."

Justa angeweza kunyamaza. Lakini ile asante ilimchoma kuliko tusi.

"Si mipango ya Mungu," alisema. "Nilijua maji hushuka pale. Na hapa hapakuwa na mgonjwa. Niliogopa kuchekwa."

"Mama yangu alikusikia ukitaja majani ya maksai," Kija alisema taratibu. "Akasema, 'Huyu mama ana huruma, tukifika salama mleteeni kuku mmoja wa shukrani.'"

Akasimama, akamwomba Gosbert aupokee nyumbani kwake mwili wa mama yake. Wanaume wakaubeba, wanawake wakakunja mikeka, wakafuata. Hakuna aliyemuaga Justa.

FUNZO

Msafiri asiye na mwenyeji haijui ardhi anayoilalia. Anautegemea mdomo wako. Kama huna nafasi, mpeleke kwa balozi, usimwelekeze mahali ambapo wewe mwenyewe usingemlaza mama yako. Na tujihadhari na maneno tunayoyasema juu ya watu tusiowajua, maana siku wakipiga hodi tutaona haya kuwa wema.

Wala tusimbebeshe Justa peke yake. Barazani palikuwa na wanawake tisa, wote wanakijua kile kijito, na hakuna hata mmoja aliyenyanyuka kumwita Kija arudi.