Unga Mweusi wa Kiwanjani

Haya nilielezwa na Sahro, mke wa Inspekta Tache, mwezi wa pili mwaka huu, siku tuliyokaa kwake kuchagua mchele wa arusi ya jirani. Yeye aliambiwa na mumewe, na mumewe si mtu wa kutia chumvi. Basi ninavyoandika ndivyo nilivyopokea.

Mwizi hakuvunja kitu. Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, Inspekta Tache alisimama ndani ya maabara ndogo ya mradi wa maji, pale Kiwanjani, akitazama chupa ya kioo yenye unga mweusi. Chupa ilikuwa imejaa hadi kwenye alama. Kifuniko kilikuwa mahali pake. Kufuli la sanduku la chuma la mashine, chupa inamokaa, lilikuwa zima.

"Sasa kilichoibiwa ni nini?" akauliza.

"Unga," akasema Daktari Gakii.

"Unga si huu hapa?"

"Huo si wangu. Wangu umechukuliwa, nikawekewa makaa ya kusagwa."

Konstebo Nakuam, aliyekuwa akiandika, akasimamisha kalamu. "Madam, niandike umeibiwa ama umeongezewa?"

Tache akamkata jicho. Nakuam akarudi kwenye daftari lake.

Gakii alikuwa mwanamke wa Meru, mwembamba, daktari wa kemia, si wa sindano. Asubuhi hiyo macho yake yalikuwa mekundu. Tache akamvutia kiti.

"Nieleze kama unavyoweza kumweleza mama yangu. Huu unga ni wa nini?"

"Visima vyetu vina nitrati, Inspekta. Ni kinyesi cha mifugo, cha miaka na miaka. Mvua inakishusha chini mpaka kwenye maji. Huioni, haina harufu, haina ladha. Mtu mzima anakunywa na kuendelea na kazi zake. Mtoto mchanga akinyweshwa, damu yake inashindwa kubeba hewa. Midomo inageuka buluu. Akichelewa, anakufa."

"Na unga wako unafanya nini hapo?"

"Una chembe za shaba na paladiamu. Zamani watu walitumia madonge ya chuma. Chembe za ndani ya donge zinakaa bure, za juu tu ndizo zinazogusa maji. Sisi tumezitawanya jozi jozi juu ya kaboni. Kila jozi ina kiti chake, na majirani wa kuishika isihame. Tunajua kila moja imekaa vipi. Nitrati ikipita hapo, inageuzwa kuwa hewa ya kawaida, hii tunayovuta. Haibaki chumvi ya kutupa, wala uchafu mwingine hauzaliwi."

"Ni kazi ya muda gani?"

"Miaka mitatu. Lakini si hilo linaloniliza." Gakii alishusha sauti. "Unga peke yake haufanyi kazi. Lazima mashine iupulizie haidrojeni. Sasa aliyeiba, kama anafikiri ni dawa ya kutia mtungini, atamnywesha mtoto maji yaleyale mabaya akiamini yamekuwa safi. Hatakwenda hospitali. Atakaa angoje dawa ifanye kazi."

Tache akatazama saa yake. Alikuwa amekuja kutafuta chupa ya unga. Sasa ilikuwa lazima atafute mtoto, tena upesi, na hakujua ni wa nani wala yuko nyumba gani.

"Mara ya mwisho unga ulifanya kazi lini?"

"Jumamosi jioni. Karatasi ya kupimia ilibaki nyeupe. Jumapili na jana hatukuwasha mashine, fundi wa sola alikuwa na paneli zake. Leo nimewasha, karatasi imekuwa ya waridi. Maji yametoka vile yalivyoingia."

"Funguo za sanduku ziko ngapi?"

"Mbili tu. Wangu, na wa Kinoti, fundi wa maabara."

"Nani mwingine anaingia humu?"

"Akko Faduma, nyanya mmoja wa Kiborana anayefagia na kutupikia chai. Lakini yule mama hata chupa ya sabuni haigusi bila kuuliza."

Nakuam akachukua alama za vidole kwenye chupa. Tache akatia sampuli ya unga kwenye mfuko wa ushahidi. Halafu Kinoti akaitwa.

"Ufunguo wako ulikuwa wapi jana?"

"Mfukoni, afande."

"Siku nzima?"

Kinoti akatazama viatu vyake.

"Nimekuuliza. Siku nzima?"

"Saa saba niliutundika kwenye msumari, nyuma ya mlango. Daktari alikuwa mjini. Nikatoka kidogo kununua miraa."

"Kidogo ni dakika ngapi?"

"Kumi."

"Kinoti."

"Arobaini, afande."

"Dakika arobaini, hiyo ni miraa ya gunia," Nakuam akasema.

"Nani alijua unatoka?"

"Kila mtu. Mimi hutoka kila siku."

Tache akaamuru apelekwe kituoni. Alikuwa mshukiwa mwenye ufunguo, na mkubwa wa kituo angeuliza. Lakini moyo wake haukukubali. Kijana aliyeiba hajitaji mwenyewe na msumari wake.

"Kuna mtu aliwahi kuwatisha?" akamuuliza Gakii.

"Abdihakim, mwenye maboza, yale malori ya kuuza maji. Wiki iliyopita alisimama pale getini akasema hii mashine itakufa."

Abdihakim alipatikana kwenye yadi yake, amelala chali chini ya lori. Miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Salaam aleikum," Tache akasema.

"Waaleikum salaam, Inspekta. Umekuja na pingu ama umekuja na kiu?"

"Toka huko tuzungumze."

Akatoka akipangusa grisi. Alikuwa mzee wa kitambi, wa ukoo wa wasafirishaji tangu babu yake alipovua sare ya mkoloni.

"Ulisema mashine ya Gakii itakufa."

"Nilisema, na leo nasema tena. Wakigawa maji bure, haya maboza nitafugia kuku?"

"Jumapili na jana ulikuwa wapi?"

"Barabara ya Sericho. Springi ilikatika. Nimelala chini ya lori siku mbili, ngamia wananichungulia kama mimi ndiye mnyama. Mpigie chifu wa huko."

Tache akapiga simu. Chifu akathibitisha, akaongeza kwamba Abdihakim alimmalizia sukari yote ya nyumba.

"Na huo unga aliowekewa binti wa watu, ukoje?" Abdihakim akauliza.

"Makaa. Yamesagwa laini, yamechekechwa kama unga wa uji."

Abdihakim alicheka mpaka akaegemea gurudumu. "Wallahi, Inspekta! Mimi nikitaka kuua mashine naleta nyundo. Ni adui gani atakaa chini akuchekechee makaa? Huyo hana chuki na mashine. Huyo anaionea huruma."

Tache hakucheka. Alirudi kwenye gari, akafungua ule mfuko wa ushahidi, akaupeleka puani.

Makaa ya jikoni hayanuki hivyo. Haya yalikuwa na harufu tamu, nzito, ya moshi uliokolea. Yalikuwa makaa ya ejersa, mti ambao akina mama wa Kiborana hufukizia vibuyu kabla ya kutia maziwa, kisha husugulia makaa yake ndani mpaka kibuyu kiwe cheusi. Mama yake Tache alifanya hivyo kila asubuhi ya Mungu. Mtu wa duka hana makaa haya. Fundi wa Meru hana. Anayo mwanamke wa maziwa.

Akampigia Gakii.

"Chai yenu inapikwa kwa maziwa gani?"

"Ya ngamia. Akko Faduma huleta na kibuyu chake. Kwa nini?"

"Yuko hapo?"

"Leo hakuja. Alituma mtu aseme mjukuu wake hajisikii..." Sauti ya Gakii ikakatika.

"Mjukuu ana umri gani?"

"Wiki tano. Wiki tano, Inspekta!"

"Toka, ungoje getini. Tunakupitia."

Nyumba ya Faduma haikuwa mbali, lakini Tache alimwambia Sahro kwamba njia hiyo aliiona ndefu kuliko ile ya Marsabit. Mlango ulikuwa wazi. Faduma alisimama kizingitini, mrefu, leso imefungwa vizuri. Hakumtazama polisi. Alimtazama Gakii.

"Nilijua utakuja," akasema.

Ndani, Leila, binti yake, alikaa kwenye mkeka na mtoto mapajani. Gakii akamchukua mtoto, akamsogeza mlangoni penye mwanga. Midomo ilikuwa na rangi ya wino. Kucha vilevile. Mtoto hakulia. Alifungua macho kidogo, akayafunga.

"Amekunywa nini?"

"Maziwa ya mkebe," Leila akasema. "Nilipata homa, maziwa yangu yakakauka. Mama anayakoroga kwa maji ya kisima."

"Maji nimeyachemsha," Faduma akasema. "Mara tatu kila siku. Tangu jana natia kijiko cha dawa yako, kisha nayachuja kwa kitambaa."

"Garini!" Tache akapaza sauti. "Wote!"

Hospitalini, Gakii alianza kumweleza daktari wa zamu kabla hajashuka vizuri. Muuguzi akatoa damu. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya kahawia, kama chai ya rangi iliyolala. Daktari aliitazama mara moja tu, akaagiza dawa ya mshipa, akabaki na Leila ndani, akawafungia wengine mlango.

Ikabaki benchi. Faduma akaketi. Tache akaketi upande huu, Gakii upande ule. Nakuam akasimama na daftari.

"Akko," Tache akasema taratibu, "nitakuuliza maswali, huyu ataandika. Una haki ya kunyamaza."

"Nimenyamaza tangu jana, imenisaidia nini? Mwambie aandike."

"Uliingiaje?"

"Kwa mlango. Ufunguo uko kwenye msumari kila siku saa saba, wa huyo kijana wa miraa."

"Unga ukautoaje nje?"

"Kwenye leso. Mlinzi anakagua mitungi. Leso ya mwanamke mzee nani atakagua?"

"Kwa nini hukuomba?"

"Niliomba. Muulize aliye hapa."

Gakii akainamisha kichwa. "Aliomba maji ya mashine. Mara mbili. Nikamwambia kibali cha kunywesha watu bado hakijatoka. Sikumuuliza anayataka ya nani."

"Kila jioni anayamwaga," Faduma akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipotetemeka. "Mapipa mawili. Maji safi, meupe, amehangaika nayo mchana kutwa, halafu yanamwagwa shimoni. Mimi ni mzaliwa wa Sericho, Inspekta. Nimetembea siku mbili kufuata maji ya tope. Nimesimama pale na ufagio nikitazama maji yakimwagwa, na nyumbani mtoto anabadilika rangi. Nikasema, kama maji yamekatazwa, basi nitachukua kinachoyasafisha."

"Na makaa uliyoweka?"

"Nilisema mashine isibaki na njaa. Ejersa inasafisha vyombo vyetu siku zote, labda ingesaidia kidogo, mpaka mtoto apone nirudishe unga wa watu."

"Ulijua ni wizi?"

"Nilijua. Ndiyo maana nilichekecha mara mbili."

Nakuam aliandika hayo akiuma mdomo.

"Akko," Gakii akasema, "kuchemsha kunaua vidudu. Nitrati haifi. Maji yanapungua kwenye sufuria, yenyewe inabaki palepale, inazidi kuwa kali."

Faduma akageuka polepole. "Kwa hiyo ni mimi. Kila nilipochochea moto..."

"Hapana." Gakii akamshika mikono yote miwili. "Kila mtu tumemwambia achemshe maji. Hata mimi nimekwambia, si ndiyo? Nilikwambia mimi mwenyewe."

Tache alitazama mlango. Amekaa kwenye milango mingi akingoja habari, lakini Sahro anasema ule ulimzeesha.

Kisha wakasikia kilio. Kilianza kidogo, kama cha mbuzi mchanga, kikapanda, kikawa cha hasira. Kilikuwa kilio cha njaa. Faduma alisimama mara moja.

Daktari akafungua mlango. "Njooni muone."

Leila alikuwa analia na kucheka pamoja. Mtoto alikuwa anarusha miguu, mdomo wazi, na mdomo huo ulikuwa mwekundu kama wa mtoto yeyote.

"Ule unga kidogo uliopita kwenye kitambaa usiwatishe," daktari akasema. "Anywe maji ya chupa mpaka nitakaposema. Na hiyo dawa niliyompa ni ya buluu. Nepi ikitoka ya kijani, msikimbilie polisi."

"Polisi tuko hapa," Nakuam akasema, na wote wakacheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili.

Unga ulipatikana nyumbani, kwenye mkebe safi wa majani ya chai, umefunikwa kwa kitambaa cheupe. Ulipungua vijiko viwili. Kinoti aliachiliwa, akaupima kwa mizani, akautia kwenye mashine, akapiga simu saa nane kasorobo: karatasi imebaki nyeupe. Gakii alikwenda mwenyewe dukani kuleta katoni ya maji ya chupa, akarudi, akamwambia Tache anaondoa malalamiko yake, na kwamba barua ya kuhimiza kibali ataipeleka kwa mkono kesho asubuhi, na atakaa kwenye kiti cha mkubwa wa vibali mpaka itiwe sahihi.

"Mali imepatikana, mlalamikaji ameondoa malalamiko," Tache akamwambia Nakuam. "Andika hivyo. Mengine nitaongea na mkubwa mimi."

Kwenye kitanda, mtoto alishiba akalala, na Leila akalala akimshika mguu. Bado sahihi ya Faduma. Tache akaketi tena kwenye benchi, akaanza kumsomea taarifa yake, neno kwa neno, kama sheria inavyotaka.

"Mimi Faduma, mkazi wa Kiwanjani, nasema kwa hiari yangu..."

"Ndiyo," Faduma akasema.

"Jumatatu, saa saba mchana, niliingia..."

"Ndiyo."

Akasoma ukurasa wa kwanza wote. Alipoufungua wa pili, hakuitikiwa. Akainua macho. Faduma hakuwa amefumba jicho tangu Jumamosi. Sasa kichwa chake kilikuwa kimeangukia bega la Gakii, leso imemteleza, kalamu ingali mkononi. Gakii hakujisogeza hata kidogo. Nakuam akaanza kusema jambo, Tache akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha, wakamwacha Akko akiwa usingizini.