Mshipi wa Gaspar

Jacinta aliweka mishumaa saba mezani. Sita ilikuwa ya makaburini, kwa ajili ya siku ya wafu. Wa saba ulikuwa wa shambani.

"Beba na chapati," alimwambia mumewe. "Ndugu yako alipenda kula. Usimpelekee kahawa tupu kama mfungwa."

Domingo alicheka. Alifunga chapati mbili za mahindi kwenye kitambaa, akachukua kikombe cha kahawa, akapanda mlima taratibu. Magoti yake hayakuwa ya ujana tena.

Kwenye kona ya juu ya shamba palikuwa na mawe matatu. Hapakuwa na msalaba wala jina. Domingo aliwasha mshumaa, akaketi chini.

"Mahindi yamekubali mwaka huu, kaka," alisema. "Ila upande wa chini maji yametuama. Ungekuwepo tungechimba mtaro pamoja."

Kila mwaka alimpa kaka yake habari za mahindi. Baada ya hapo moyo wake ulitulia.

Miaka thelathini na miwili iliyopita, wakati wa vita, askari walikuja kijijini. Waliwachukua wanaume wanne. Wawili walikuwa wa kitongoji cha pili. Wa tatu alikuwa Nicolás, mume wa jirani yao Magdalena. Wa nne alikuwa Gaspar, kaka yake Domingo. Hawakuwa na bunduki. Gaspar alikamatwa na jembe mkononi. Hawakurudi tena.

Miaka miwili baadaye, askari waliihama kambi yao. Asubuhi moja Domingo alikwenda kutafuta kuni nyuma ya kambi hiyo. Mbwa walikuwa wamefukua ardhi. Aliona mifupa, na aliona mshipi mwekundu. Mama yao ndiye aliyeufuma. Ulikuwa na ndege weupe, na ndege mmoja alikuwa na mguu mmoja tu, kwa sababu siku ile mama alikuwa na homa. Gaspar alikuwa akitaniwa sana kwa ajili ya ndege yule.

Mshipi ulikuwa umefunga mifupa ya mikono.

Domingo aliingia shimoni. Alikusanya mifupa ya yule mtu wa mshipi, akaitia kwenye gunia la mahindi. Wengine aliwafunika udongo haraka haraka, akakimbia. Siku zile mtu aliyeonekana na mifupa naye aligeuzwa mifupa. Ile ya guniani aliizika kwenye kona ya shamba, akamwambia Jacinta peke yake.

Vita viliisha na hofu ikapungua, lakini aibu ilichukua nafasi yake. Angemwambiaje Magdalena? Nilimchukua wangu, nikamwacha wako? Magdalena alikuwa mama wa ubatizo wa binti yao. Alikuwa akila mezani kwao. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine, na Domingo hakufungua mdomo.

Aliposhuka kutoka kwenye mawe matatu siku hiyo ya wafu, alimkuta Magdalena jikoni. Pembeni yake alikaa Engracia, binti wa kutoka mji wa jirani. Engracia alifanya kazi na watu wa kufukua makaburi ya vita. Miezi michache nyuma walikuwa wamelifukua shimo la kambini.

Magdalena hakuwa akilia. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na kahawa haikupungua.

"Si Nicolás," alisema.

"Nini si Nicolás?" aliuliza Jacinta.

"Yule wa tatu. Juana wangu alitoa mate yake yakapimwe. Wamepima huko mjini. Si baba yake."

"Labda wamekosea, dada."

"Hatukukosea, mama," alisema Engracia kwa upole. "Kila mtu ana alama za ukoo wake mwilini. Wanaziita vinasaba. Mtoto huzipata kwa baba na mama, na ndugu huzichangia. Mke hawezi kumtambulisha mume kwa mate yake, kwa sababu si damu moja. Ndiyo maana tulimwomba Juana. Wanaume walikuwa wanne, lakini shimoni tulikuta watatu. Wawili wamepata watu wao. Wa tatu bado hana mtu."

Akaongeza, "Na shimo lile liliwahi kufunguliwa. Udongo ulionyesha. Kuna mtu alitutangulia."

"Mtu gani?" Magdalena aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Mchawi gani anaiba mifupa ya watu? Aliyemchukua mume wangu, na yeye asipate wa kumzika!"

Akili ya Domingo ilikuwa ikihesabu, na hesabu haikukubali. Kama alimchukua Gaspar, basi aliyebaki ni Nicolás. Kama aliyebaki si Nicolás, basi nani amelala kwenye kona ya shamba?

"Kwani ina ubaya gani," aliuliza, "kama mtu alimchukua ndugu yake akamzike?"

"Ubaya hana, mzee. Ana mapenzi," alisema Engracia. "Lakini mifupa ni shahidi, na shahidi akihamishwa husahau. Tukimkuta mtu mahali alipolazwa, tunajua aliuawaje. Ofisa aliyeiongoza kambi ile anashitakiwa sasa. Anasema wanaume wale walikufa wakipigana. Kama walikuwa wamefungwa mikono, basi anasema uongo. Sheria ya mataifa inakataza kumuua aliyefungwa. Hata vitani. Hata kama angekuwa mpiganaji."

"Sheria!" Magdalena alicheka bila furaha. "Miaka yote hii? Si imeshaoza?"

"Kosa la namna hii halifutwi na miaka, mama. Na zamani mtawala akiwaua watu wake, mataifa mengine yaliangalia pembeni. Dunia imebadilika kidogo. Kidogo, sisemi sana. Sasa mataifa yamekubaliana kwa maandishi kwamba mtu akipotezwa, watu wake wana haki ya kuambiwa yuko wapi. Haki, si hisani. Mpaka siku utakapoambiwa, kosa bado linatendeka."

"Basi linatendeka kila asubuhi nikiamka," alisema Magdalena. Alijifunga kilemba chake, akaondoka.

Domingo hakula siku hiyo. Jacinta alimvumilia mpaka jua likakaribia kuzama.

"Umekaa kama gunia," alisema. "Sema."

"Wakichimba pale kwenye mawe, nitabaki bila ndugu."

"Na wasipochimba, Magdalena atabaki bila mume."

"Nilimfahamu kwa mshipi, Jacinta! Mama ndiye aliyeufuma!"

"Mshipi unavuliwa." Jacinta alimshika bega. "Mimi nimebeba siri hii pamoja na wewe. Nimekula na yule mwanamke nikiwa nimeibeba. Nimechoka, mume wangu."

Asubuhi iliyofuata Domingo alikwenda kwa Magdalena. Alimkuta uani, akipukuchua mahindi. Hakuketi. Alivua kofia, akasema yote, tangu kuni mpaka gunia. Alisema haraka, kwa sababu alijua akisita hataweza kuendelea.

Mikono ya Magdalena iliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu. Bado iliendelea.

"Juana alikuwa na miaka mitatu," alisema mwishowe. "Aliniuliza baba yuko wapi. Nikamwambia sijui. Siku hiyo wewe ulikuwa umekaa hapo ulipo. Ulikuwa unakula mboga zangu."

"Nilikuwa hapa."

"Toka, Domingo."

Alitoka. Lakini hakurudi nyumbani. Alishuka mpaka barabarani, akamsubiri Engracia, akamwambia na yeye.

Engracia hakumgombeza. Aliuliza jambo moja tu. "Mshipi uko wapi?"

"Sandukuni kwangu. Fundo sikulifungua. Mifupa ilichomoka yenyewe. Sikuwa na moyo wa kufungua alichofuma mama."

"Usiuguse tena. Na pale kwenye mawe usipeleke jembe. Twende."

Walipoingia uani kwa Domingo, Jacinta alikuwa ameandaa beseni la maji na sabuni. Mshipi ulikuwa mkononi mwake.

"Usiuloweke!" alipiga kelele Engracia.

Jacinta aliruka. "Jamani! Nilijua mtakuja kuuangalia, una udongo wa miaka yote hiyo. Watasema mimi mchafu!"

"Waache waseme. Udongo huo ndio unaosema mshipi ulikuwa wapi. Fundo hilo ndilo linalosema mtu alifungwa. Ukifua umemfukuza shahidi mlangoni."

Aliuweka kwenye mfuko wa karatasi, akaandika tarehe na mahali, akamwomba Domingo atie sahihi. Alimwambia kuwa kila atakayeupokea atatia sahihi yake, ili mahakamani asitokee mtu wa kusema umebadilishwa.

Wiki iliyofuata walikuja wenzake. Walizungushia mawe matatu kamba, wakapiga picha, wakachimba kwa mwiko mdogo na brashi. Domingo alitaka kusaidia. Walimpa kiti. Aliketi akiwa ameshika kofia, na mifupa ilipoanza kuonekana alitaka kusema, "Samahani, kaka." Hakusema. Hakujua tena anamwambia nani.

Kisha Engracia alimpitishia kijiti chenye pamba ndani ya shavu.

"Ni hivi tu?" aliuliza Domingo.

"Ni hivi tu, mzee."

"Dada Magdalena alinibembeleza nikatoe mate tangu mwaka jana. Nikasema sina haja, sina ninayemtafuta."

Majibu yalikuja baada ya miezi mitano. Engracia aliwaita wote wawili mjini. Magdalena alikaa upande mmoja wa benchi, Domingo upande wa pili. Katikati walikaa Juana na Jacinta.

Mtu wa kwenye kona ya shamba alikuwa Nicolás.

Mtu wa tatu wa shimoni, yule aliyekosa mtu, alikuwa Gaspar.

"Askari waliwavua mishipi yao wakawafungia wenzao," alisema Engracia. "Mshipi wa Gaspar ulimfunga Nicolás. Gaspar alikuwa chini yake."

Domingo aliziba uso kwa kofia. "Nilikanyaga," alisema. "Nilipoingia shimoni nilikanyaga juu yake. Nilimkanyaga kaka yangu, nikambeba mwingine, nikamwacha na mbwa." Alilia kwa sauti, mzee mzima, mbele ya watu. Jacinta alimshika mkono.

Domingo alitoa ushahidi mwezi uliofuata. Wakili wa ofisa alimuuliza kama haoni aibu kuvuruga kaburi. "Naona," alisema Domingo. "Naona kila siku. Lakini fundo sikulifunga mimi." Mshipi ulikuwa mezani, na udongo wake, na ndege wa mguu mmoja. Hakimu aliusogelea akauangalia kwa muda mrefu. Kesi bado inaendelea. Wakili hakusema tena kwamba walikufa wakipigana.

Na kule kijijini watu wamejifunza. Mwaka huu familia moja ilikuwa ikichimba msingi wa nyumba, ikaona mfupa. Hawakuufukua. Waliweka majembe chini, wakazungushia mawe, wakampigia Engracia simu. Nguo kuukuu walizokuta pale hazikufuliwa.

Nicolás na Gaspar walizikwa siku moja, makaburini, majina yao yakiwa juu ya misalaba. Watu walikula, wakalia, wakaanza kuondoka. Domingo alibaki amesimama kando ya kaburi la kaka yake. Alikuwa na mshumaa mkononi, na hakujua aanzie wapi. Kwa Gaspar alikuwa mgeni.

Magdalena alikuja akasimama karibu naye. Tangu siku ile ya kupukuchua mahindi hakuwa amemsemesha.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua, dada."

"Miaka yote ile nilidhani Nicolás yuko gizani. Hana mshumaa, hana kahawa, hana mtu. Kumbe wewe ulikuwa unampelekea."

"Na chapati," alisema Domingo. "Jacinta alisema nisipeleke kahawa tupu."

"Ulikuwa unamwambia nini?"

"Habari za mahindi. Na mvua. Siku moja nilimwambia Juana ameolewa. Nilimwambia kama habari ya jirani tu."

Magdalena alifunika mdomo kwa kilemba. Kisha alichukua mshumaa mkononi mwa Domingo, akauwasha kwa ule wa Nicolás, akausimamisha kwenye udongo wa Gaspar.

"Kaa chini," alisema. "Nitamwambia mimi huyu wako. Miaka thelathini na miwili hajasikia habari."

Magdalena akaketi, akaanza na mahindi.