Masizi ya Kigae Cheusi

Nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza nyumbani ni vyombo. Mama hapendi masizi hata kidogo. Sufuria nazisugua kwa majivu na gunzi mpaka zing'ae, la sivyo nitasikia, "Fausta! Hiki ndicho ulichoosha?" Nayasema haya mapema ili msinihukumu haraka.

Mwaka huu wanaakiolojia walikuja kwetu Sindeni kuchimba shamba la babu. Kazi yao ni kufukua vitu vya kale ili wajue watu wa zamani waliishije. Kiongozi wao, Daktari Grasiana, alichagua wanafunzi wawili wa darasa la sita wamsaidie baada ya masomo. Mathias alibeba mifuko ya vigae vya vyungu kutoka mashimoni, nami niliviosha kwa mswaki ndani ya beseni.

Jumatano niliona kigae kimoja kimewekwa peke yake mezani, cheusi tii kwa masizi. Nikadhani kimesahauliwa. Yaani wageni waondoke kwetu na chombo kichafu? Aibu gani hiyo! Nikachota majivu, nikasugua mpaka kikawa chekundu. Nikakirudisha mezani, nikaenda zangu nyumbani nimefurahi.

Kesho yake tulipofika, hata shikamoo yetu Daktari aliiitikia kwa shida.

"Hiki sicho," alisema akikigeuza kigae. "Cha jana kilikuwa na masizi. Masizi hayo yangepimwa maabara, tujue chungu kilipikiwa lini. Mathias, mifuko ulibeba wewe. Kile cheusi umekipeleka wapi?"

"Sijakigusa, Daktari! Haki ya Mungu!"

"Basi kitafute. Kisipoonekana, sitaweza kukuamini tena hapa."

Nilijua ndicho kile kile nilichosugua, nikaogopa kusema. Mathias alichukua chekecheke, akapiga magoti kwenye lundo la udongo, akaanza kuchekecha. Nikajiambia nitasema akimaliza ndoo ya kwanza. Akamaliza. Nikasema basi ya pili. Kwenye ndoo ya tatu aliinua uso kufuta jasho, nikaona si jasho, ni machozi. Maskini, alikuwa anatafuta kitu ambacho hakikupotea.

"Daktari, ni mimi!" nilipaza sauti. "Kigae ni hicho hicho. Nilikisugua kwa majivu. Nilidhani ni uchafu."

Daktari alinitazama, nikatamani ardhi inimeze. Kisha akakishika tena kigae na kukikagua ukingoni.

"Kumbe ndicho," alisema taratibu. "Basi kilitoka shimo la tatu, na huenda vipande vingine vya chungu hicho bado vipo kule. Twendeni."

Tulichimba polepole kwa mwiko mdogo na brashi. Nilikuwa naomba kimoyomoyo muda wote. Jua lilipoanza kushuka, Mathias akaita, "Daktari, huku!" Kilikuwa kigae kingine, cheusi vilevile. Daktari alivaa glavu, akakisogeza karibu na changu. Kingo zikakutana sawasawa, kimoja chekundu, kingine cheusi. Nililia kwa furaha, sikuona haya.

"Chungu ni kimoja," alisema Daktari. "Usingesema, tungeamini kile chekundu ni cha chungu kingine, tusingejua vinaungana. Fausta, nisikilize. Kwa mama yako masizi ni uchafu. Kwetu ni habari za mtu aliyepika hapa kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Hukujua, nami sikukueleza, kwa hiyo kosa hilo tunagawana. Lakini ndoo tatu alizochekecha mwenzako huku wewe unajua, hizo ni zako peke yako."

Nilimgeukia Mathias, nikamwomba radhi mbele ya wote. Yeye akanipa chekecheke, nami nikapiga magoti pale pale alipokuwa amepiga yeye, nikamaliza lundo lililobaki.